Zizi Lilifungwaje?

Tangu padri wetu arudi kwao Ubelgiji baada ya uhuru, mimi ndiye ninayewafundisha akina mama wa kijiji chetu cha Kingi Maandiko, na Jumapili iliyopita walinichosha. Tulikuwa tukisoma sheria ya Musa: mnyama akila shamba la mwingine, mwenyewe atalipa kwa mazao bora ya shamba lake. Jirani yangu Mama Furaha, mjane anayeishi kwa maharagwe yake, hakuacha kuniuliza:

“Na kama mwenye ng'ombe hakukusudia, Mama Mwalimu?”

Nikachemka. Nikaeleza, kwa sauti yangu ya chuoni, kwamba walimu wa Kiyahudi wa kale hawakuishia kwenye nia iliyo moyoni mwa mtu. Waliuliza zizi lilifungwaje. Aliyelifunga barabara hana hatia. Aliyelifunga ovyo ni kama amempeleka ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe.

“Hata kama mwenye ng'ombe iko mwalimu?”

“Hata awe askofu!”

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Furaha peke yake hakucheka.

“Basi njo vile, Mama. Ng'ombe yako ilimaliza maharagi yangu jana. Nilikuwa natafuta njia ya kukuambia.”

“Lakini sikukusudia!”

“Zizi ulifunga na nini?” sauti ikauliza kutoka nyuma.

Kwa kamba ya mgomba, iliyooza, nami nilijua.