Mzee Mbao Alimpigia Debe

Mimi nina mdomo, sikatai. Wifi yangu, dada wa mume wangu, hana. Tunaishi naye nyumba moja, na ni mpole mpaka anakera. Anafanya kazi benki, kitengo cha wateja wa biashara. Si yule anayekaa dirishani na noti. Yeye huwafuata wenye viwanda na maduka makubwa huko huko waliko, akakagua mali zao, akasikiliza shida zao, kisha akarudi kuwatetea mbele ya kamati ya mikopo. Kiongozi wa timu yao alipostaafu, wifi aliachiwa kazi zote za kiongozi, isipokuwa cheo na mshahara wake. Na huyo aliyestaafu, nani alimfundisha kazi alipofika pale? Wifi yangu huyo huyo.

Nafasi ilipotangazwa, alinikuta chumbani nashona. Akasimama kando ya cherehani akisema kwa sauti ya chini, "Wifi, safari hii naomba. Nikikosa hii, basi tena. Nitastaafu nikiwa hivi hivi, nafundisha watu wanipite."

"Sasa unanong'ona nini? Unaomba kazi au unaiba kuku?"

Akacheka. Kuanzia hapo, kila jioni tukawa tunafanya mazoezi ya usaili sebuleni, na jopo zima ni mimi peke yangu. Navaa miwani ya mume wangu, sioni kitu, nakaa nyuma ya meza ya chakula nimekunja uso kama nadai kodi.

"Kwa nini tukuchukue wewe?"

"Kwa sababu nimechoka kubeba watu mgongoni."

"Ni kweli, lakini hilo limeze. Rudia."

Anarudia. Mwanzoni alikuwa anajibu huku akiangalia sakafu. Siku zilivyokwenda, akawa ananieleza jinsi atakavyogawa wateja, na jinsi atakavyomsaidia afisa anayesuasua badala ya kumsema mbele ya wenzake, mpaka nikawa nasahau kukunja uso. Nilikuwa namwona bosi kabisa, palepale kwenye meza yetu yenye mguu mbovu.

Likabaki jambo moja. Benki ilitaka kila mwombaji ataje mteja wake mmoja mkubwa, jopo limpigie simu mteja huyo kuuliza habari za mwombaji. Wifi hata hakufikiri. Akamtaja Mzee Mbao.

Mzee Mbao, kama watu wote wanavyomwita, ana kiwanda cha kupasua mbao nje kidogo ya mji. Miaka ile kiwanda kiliposhika moto, wifi alifika pale moshi ungali unafuka, akazunguka naye kwenye majivu na viatu vyake vya ofisini, wakitafuta kilichopona. Wenzake benki walitaka mali ya mzee ipigwe mnada. Yeye akabishana na kamati mpaka sauti ikamkauka, mzee akapewa muda wa kujikusanya. Leo ana mashine mpya na magari ya kubebea mbao. Tangu wakati huo anamwita wifi mwanangu, na akipiga simu hata siku ya mapumziko, wifi anaacha kula anapokea.

Usaili ulikwenda vizuri mno. Wifi alirudi anatabasamu peke yake njia nzima. Mmoja wa jopo alikuwa ameshamuuliza ataanza na mabadiliko gani, na meneja alimshika mkono kwa muda mrefu. Mimi nikaingia mjini kununua kitambaa cha kumshonea koti la uongozi.

Kisha meneja akamwita. Akamwambia jopo limemsifu sana, hakuna aliyesema baya, ila nafasi amepewa bwana mmoja kutoka tawi jingine. "Kwa sasa unahitajika zaidi hapo ulipo," akasema. Maana yake nini, hakueleza. Wifi akarudi nyumbani, akaingia jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Na unajua alikuwa anamwaza nani? Alikuwa anamhurumia Mzee Mbao.

"Alinipigia debe kwa moyo wote," akaniambia. "Akisikia kwa watu atajiona ameniangusha. Afadhali nikamwambie mwenyewe."

Jumamosi tukaenda wote. Tulimkuta mzee kwenye ofisi yake ndogo, vumbi la mbao hadi kwenye kikombe cha chai. Akafurahi kutuona, akavuta viti, akavipangusa kwa kofia yake.

Wifi akaanza taratibu. "Mzee wangu, ile kazi nimekosa. Lakini usisikitike, wewe ulinisaidia kadiri ulivyoweza."

"Najua," mzee akasema, uso umemng'aa. "Waliponipigia niliwaambia ukweli mtupu. Benki nzima hakuna afisa kama wewe. Nikawaambia, mkithubutu kumtoa kwangu, nahamisha akaunti zangu zote siku hiyo hiyo."

Msumeno ulikuwa unanguruma uani, nikadhani sikusikia vizuri. Wifi hakusogea kitini.

"Walikuambia kwamba ni cheo?"

"Waliniambia, mwanangu. Kiongozi wa timu. Lakini ukishakuwa kiongozi utashinda ofisini na makaratasi, halafu mimi niletewe mtu asiyejua mbao wala msumari. Kwa umri huu nimzoee nani tena?"

"Kwa hiyo ulijua kwamba naitaka."

"Nilijua. Ila si bado una kazi yako? Nani amekufukuza?"

Hapo damu ikanichemka. "Samahani, mzee," nikasema, "mimi si mtu wa benki, mimi fundi cherehani tu. Lakini huyu alikuja hapa baada ya moto, ndugu zako wanakukwepa. Leo amepata mlango mmoja wa kutokea, umeufunga wewe kwa mkono wako, halafu unatupangusia viti?"

Mzee akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu. Wifi akanishika mkono, akamuaga vizuri kama kawaida yake. Nilikasirika hata na huo upole wake. Njiani hakulia. Alisema tu, "Nilimtaja mwenyewe, wifi. Jina lake niliwapa mimi."

Jumatatu akamwendea kiongozi mpya, akaomba Mzee Mbao apewe afisa mwingine. Meneja aliposikia akaja juu. Anataka kuipotezea benki mteja mkubwa kiasi hicho? Wifi akamjibu kwa ule upole wake, "Basi aende." Ikabidi meneja afunge safari mwenyewe hadi kiwandani kumbembeleza mzee, pamoja na afisa mpya, mama mmoja aliyehamia juzi kutoka kitengo kingine.

Nakwambia kweli, niliomba mzee ahame benki. Ahamishe mpaka senti ya mwisho, wote waone haya. Na hata yeye mzee, angehama, ningemsamehe kidogo. Ningesema basi, alikuwa anamthamini wifi kupita kiasi, akafanya ujinga. Wifi naye alikuwa anangoja, ingawa hakusema. Kila simu ikilia anashtuka.

Siku moja alirudi kutoka kazini, hakupita chumbani kwake, akaja moja kwa moja chumbani kwangu.

"Amesaini," akasema.

"Nani?"

"Mzee. Fomu za kubadilishiwa afisa, siku ile ile walipomfuata. Meneja anasema hata hakubisha. Aliuliza kama yule mama anaweza kumpokelea simu Jumamosi, akaambiwa anaweza, akaomba kalamu."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya nguo za watu nilizokuwa nimezipiga pasi, na sikumwambia kitu. "Hakuwa anahama popote, wifi," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.