Mkopo wa Viazi vya Timau

Ntinyari si mtu wa kulia ovyo, lakini Jumapili hiyo alikaa kanisani kule Kinoru akizuia machozi, huku akipiga makofi kama wenzake.

Ameuza viazi sokoni Meru tangu Kananu, kifungua mimba wake, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Miaka yote hiyo amenunua kwa mabroka, wale madalali wa mazao, gunia mojamoja, kwa bei ya kuumiza roho, na faida ikaishia kwenye unga na karo. Ndipo wanawake wa kikundi chake wakakubali kumdhamini apate mkopo mdogo. Angeenda moja kwa moja kwa Riungu, mkulima wa Timau, apakie pikapu nzima. Riungu alimwekea mzigo hadi Jumatatu asubuhi, akamwambia wazi kwamba mabroka wanamsumbua na hangoji zaidi ya hapo.

Kosa lake lilikuwa moja. Wakati wa kuandikisha mkopo simu yake ilikuwa imeharibika, akatoa namba ya mumewe, Kaimenyi, na pesa zikaingia kwenye simu yake huyo. Kwani Kaimenyi ni mwizi? La hasha. Kaimenyi ni mtu wa watu, na hapo ndipo shida ilipo.

Jumapili hiyo kulikuwa na harambee ya kuchangia paa la kanisa. Jirani akatoa, mwingine akatoa zaidi, na Kaimenyi, ambaye hawezi kubaki nyuma watu wakimwangalia, akachomoa simu mfukoni. Mchungaji akalitaja jina lake kwenye maikrofoni, akataja na kiasi. Jamani! Ulikuwa mkopo wote, haikubaki hata shilingi.

Mchungaji akamwomba mama wa nyumba hiyo naye asimame abarikiwe. Ntinyari akasimama. Kule nyuma aliwaona wanawake wa kikundi wakipiga vigelegele, hawajui kwamba wanashangilia pesa watakazolipa wao yeye akishindwa kurejesha mkopo.

Nyumbani hakungoja hata mlango ufungwe, akamwakia. Kaimenyi akajitetea kwamba angefanyaje, na kanisa zima lilikuwa likimtazama? Aende sasa kwa mchungaji akaombe zirudishwe? Aibu hiyo nani ataibeba?

"Mama Kananu, Mungu atarudisha," akasema mwishowe.

"Mungu hakukopa, Baba Kananu. Nimekopa mimi."

Jumatatu Riungu akawauzia mabroka. Ntinyari akajikokota kwa broka yuleyule wa siku zote, akanunua gunia moja la viazi vilevile vya Timau, kwa bei ileile ya kuumiza roho.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mama mmoja wa kanisani. Alichagua viazi vizuri, debe zima, kisha akaomba akopeshwe hadi mwisho wa mwezi, maana watu waliotoa vile jana hawawezi kukosa cha kula.

Kumkatalia kungekuwa kuyaanika ya nyumbani kwake katikati ya soko. Ntinyari akamfungia debe lake, na yule mama akamshukuru sana na kumwambia kwamba kweli wamebarikiwa.