Dieudonnée, Anayenusa Vyandarua vya Wageni

Saa mbili asubuhi, katika nyumba ya wageni mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo. Dieudonnée anaweka ndoo chini, anafungua chumba namba nne na kusimama kizingitini. Hafagii kwanza. Ananusa.

Harufu ya moshi ipo, haina ubishi.

Kibao cha mlangoni kinasema: "Hakuna kuvuta sigara chumbani. Atakayevuta atahama." Amri hiyo ilitolewa miaka mitatu iliyopita, baada ya msafiri mmoja kulala na sigara mkononi, godoro likaungua. Tangu hapo anayeamua nani amevuta ni mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Lusangi, anayesafisha vyumba tisa kwa faranga 120,000 kwa mwezi.

"Mashine hawana," anasema. "Wako na pua yangu."

Mgeni wa chumba hiki, aliyesimama nyuma yake, ni Hemedi, mchuuzi wa chumvi kutoka Salamabila. Mkewe amelazwa hospitali, hatua chache kutoka hapa, na yeye ndiye anayempelekea chakula. Akifukuzwa, hakuna chumba kingine karibu.

Mwenye nyumba, Iliasi, ameshafika mlangoni. "Mama Dieudonnée, sema basi. Hata mimi nasikia harufu."

"Ngoja, patron."

"Ningoje nini? Moshi ni moshi!"

"Mimi sijavuta tangu nizaliwe," Hemedi analalamika. "Mvua ilitupiga njiani, pale Wamaza, tukakausha nguo juu ya moto wa kuni. Nimefika hapa nanuka kama samaki wa kukausha!"

Dieudonnée anaenda kitandani. Mwaka jana alinusa shuka tu, akamtaja mgeni mmoja kuwa amevuta, naye akatolewa mbele ya watu. Kesho yake dereva wa pikipiki aliyemleta akaeleza kwamba walilala njiani kando ya moto.

"Niliaibisha mutu bure," anasema. "Ile siku sikula."

Sasa ana utaratibu wake. Ananusa mto, ananusa shuka, kisha anapanda kiti na kunusa chandarua kule juu kabisa. Nguo zenye moshi hunukisha pale mwili ulipolala. Moshi wa sigara hupanda, na chandarua huushika siku nyingi.

Anashuka. "Juu iko safi. Huyu hakuvuta."

Iliasi haridhiki. Anavua viatu, anapanda mwenyewe, anazamisha uso kwenye chandarua na kupiga chafya mara tatu.

"Inanuka vumbi tu!"

"Hiyo vumbi ni kosa yangu, patron."

Hemedi anacheka, anachukua sufuria ya uji na kwenda kwa mkewe. Chumba kinabaki chake.

Dieudonnée anaanza kufagia. Amemwomba mwenye nyumba vitu viwili: kamba uani, wageni waanike nguo kabla ya kuingia, na benchi la wavutaji, mbali na vyumba. Benchi limekubaliwa. Kamba bado inafikiriwa.

"Nikipata vyote viwili, hawataniuliza tena nani mukosaji," anasema. "Nitakuwa mama wa kufagia tu. Hiyo kazi naiweza."