Futi Kumi na Moja za Mashua

Mwezi uliopita nilirudi Kiamunyi, Nakuru, kumsaidia kaka yangu, ambaye anataka kujenga vyumba vya kupangisha pembeni mwa nyumba ya wazazi wetu. Fundi alivuta tepu kutoka ukutani hadi mpakani, akasoma, akapima tena. "Boss, hii side iko na futi kumi na moja. Nani aliacha nafasi yote hii? Mlikuwa mnapitisha lori?" Kaka akanitazama mimi. Nikamwambia fundi kwamba ilikuwa nafasi ya mashua. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya mawe, na simlaumu. Ziwa Nakuru tunaliona kwa mbali tu, na lile ni la flamingo na watalii.

Fundi hakuwa na muda wa kusikiliza zaidi, kwa hivyo wacha nikusimulie wewe.

Baba alizaliwa kando ya ziwa kule magharibi, akaletwa Nakuru na kazi ya kiwanda cha unga. Mashua yake ya faiba aliinunua Naivasha, kwa meneja fulani aliyekuwa akihama nchi, na huko huko ufukweni ndiko ilikokaa. Jumamosi akipata nafasi alikwenda kuvua, akarudi na samaki waliofungwa kwa gazeti, na mama akawakaanga mpaka majirani wakaanza kukumbuka kwamba walitaka kuazima chumvi. Lakini mashua haikuwa salama kule. Mwaka mmoja wezi waliiba makasia, mwaka uliofuata wakaiba injini. Ndipo baba akaapa kwamba siku atakayopata ploti, mashua italala nyumbani.

Ploti ikapatikana, futi hamsini kwa mia. Watu wengine huanza kupima sebule. Baba alianza kupima mashua. Alikwenda Naivasha na kamba ya katani, akachukua upana na urefu, akafunga mafundo, akarudi na kamba hiyo mfukoni huku akiishikashika njia nzima. Mashua ilikuwa na upana wa futi sita. Akaongeza mbili na nusu kila upande, ili mtu aweze kuizunguka akiwa na ndoo. Mama alisimama nasi kwenye nyasi, akauliza, "Baba Watoto, mashua iko Naivasha, watoto wako hapa. Unapimia nani kwanza?" Baba alicheka, lakini vigingi alivyokwisha kuchomeka havikusogea. Nyumba ikasukumwa, na chumba chetu wasichana, mimi na mdogo wangu, kikapoteza futi tatu. Tulibaki na kitanda cha dabo deka na mahali pa kuvulia viatu. Nilinuna miezi. Kila nilipogonga goti kwenye chuma cha kitanda niliilaani mashua ambayo hata sikuwa nimeiona.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo sana wakati huo. Mpakani, baba na jirani walipanda kayaba, ule mti wa miiba ambao kila mtu alipanda enzi hizo badala ya ukuta. Jirani alikuwa mama mzee mjane aliyetoka Dundori, na sote tulimwita shosho, yaani nyanya. Walipanda siku moja, mstari mmoja, na kila mtu akawa anamwagilia upande wake kwa maji ya kuoshea vyombo. Miche ilikuwa myembamba kama penseli. Nani angeipima?

Trela ya kuibebea mashua ilichukua miaka minne, maana fundi wa jua kali alikuwa akiunganisha chuma kadiri kilivyopatikana. Miaka hiyo minne kayaba ilikuwa ikinenepa. Tuliikata kila baada ya mvua, mikono ikichomwa, lakini ukiikata ndiyo inazidi kushonana.

Siku mashua ilipokuja watu walijaa langoni. Ilikuwa nyeupe, na mstari wa buluu ubavuni, nami nikiri kwamba ilikuwa nzuri. "Nuhu! Mvua inakuja lini?" mtu mmoja akapaza sauti, na baba akapunga mkono kama mgombea ubunge. Ikaingia vizuri hadi katikati, kisha ikakwama. Huku miiba, huku ukuta. Mbele ya nyumba kulikuwa na shimo la maji taka lisiloweza kubeba uzito, na nyuma kulikuwa na jiko na kuku.

Baba alikwenda kumwomba shosho ruhusa ya kukata kayaba hadi shinani. Shosho akampa chai kwanza, akamsikiliza, kisha akasema, "Baba Watoto, hiyo ndiyo ukuta ya ng'ombe yangu. Ukikata, itakuja kumaliza sukuma wiki yenu. Na mwizi atapitia kwako akikuja kwangu." Baba alijua shosho ana haki. Basi wakaisukuma mashua hadi ikagusa nyumba, sawasawa na dirisha letu.

Madirisha yetu yalikuwa yale ya chuma yanayofungukia nje. Letu sasa lilifunguka upana wa kiganja, likagonga faiba. Na hewa iliyopenya ilipitia kwanza kwenye turubai lililonuka petroli na ukungu. Mdogo wangu alikuwa na pumu. Mvua za Aprili zilipoanza kifua kilimbana vibaya, akapelekwa hospitali mara mbili katika mwezi mmoja. Daktari aliuliza, "Chumba anacholala kinaingia hewa?" Mama alimgeukia baba.

Jioni mbili baba alizunguka ploti na kamba yake, akipima mahali alipojua vizuri kwamba hapatoshi. Jumamosi iliyofuata mtu aliyeinunua mashua akaja na pikapu kutoka Naivasha, akafunga trela, akaivuta mashua kinyumenyume huku miiba ikiikwaruza.

Nilipiga makofi. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikapiga makofi kwa nguvu, kwa furaha ya kurudishiwa dirisha. Baba alisikia. Hakunigombeza. Aliingia chumbani mwetu, akalifungua dirisha hadi mwisho, akafuta kioo kwa mkono wa shati. "Haya, sasa mtalala vizuri," akasema, akaenda kufagia pale mashua ilipokuwa.

Hakununua nyingine. Siku hizi Kiamunyi ni kuta za mawe, kayaba imeng'olewa, shosho amelala Dundori na baba amelala kwao, karibu na ziwa. Mdogo wangu ana watoto wawili, na hupanda Menengai kwa miguu bila kutweta. Mimi nilikuwa darasa la sita, mkubwa wa kutosha kuelewa nilichokuwa nikishangilia. Baba aliishi miaka ishirini baada ya siku ile. Kila Krismasi nilikaa naye meza moja, tukaongea habari za mvua na bei ya unga, na pole yake sikumpa.