Kipande Kisichotiwa Chokaa

Lenah Nakhumicha alikuwa afisa wa kilimo Kitale kwa miaka ishirini na minane, na watu walizoea kumwita Madam. Kazini hakuwa na dini nyingine ila hii: msimwamini mtu kwa cheo chake wala mbegu kwa sifa zake. Jaribuni, kisha mkae mngoje, na mwaka ukiwakosoa, mbadilishe bila haya.

Alipostaafu alirudi kwao Bumula akaanzisha kikundi cha wakulima ishirini na mmoja. Udongo wao ulikuwa umechachuka kwa mbolea ya dukani ya miaka nenda miaka rudi, na mahindi yalizidi kudumaa. Lenah alijua dawa ni chokaa, lakini hakutaka waamini eti kwa sababu kasema yeye. Wakapima vipande viwili shambani kwa Mukhisa, mmoja wa wanakikundi, kando ya barabara: kimoja kikatiwa chokaa, kingine kikaachwa vivyo hivyo, waone wenyewe tofauti.

Kufikia Juni kile cha pili kilikuwa manjano tupu, na Lenah akafurahi, jambo lililowashangaza majirani. Kisha dada yake akaugua Kitale, akaenda kumuuguza wiki sita. Aliporudi, vipande vyote viwili vilikuwa kijani.

Asubuhi ya mkutano wa mavuno Mukhisa alimfuata jikoni, kofia mkononi.

"Madam, nisamehe. Ni mimi niliweka samadi na mbolea kwa kile kipande haina chokaa. Wazee wa Webuye walikuwa wanakuja kuongea mahari ya msichana wangu. Sasa wapite barabara waone mahindi imekufa, si watasema ati ametoka boma ya wavivu?"

"Utasema hivyo kwa mkutano?"

"Nitasema, Madam."

Lenah alimwamini. Hata chai alimpa.

Ukumbini mwa kanisa mahindi yalipimwa, magunia yakalingana. Mwenyekiti Sifuna, mtu mwema asiye na hila, akauliza kama kuna mwenye neno. Mukhisa alikodolea macho viatu vyake. Mahari ilikuwa imekwisha kukubaliwa, na kijiji kizima kilikuwa kimelisifu shamba lake.

"Mukhisa, sema," Lenah akamwomba.

"Mimi sina neno. Mahindi yenyewe si imesema?"

Watu wakacheka. Lenah akasimama akaeleza yote. Mukhisa akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama anayemhurumia mama mzee, na kitendo hicho kilimuuma Lenah kuliko uongo wenyewe.

"Madam," Sifuna alisema kwa heshima, "ni wewe ulitufunza tuamini macho, si mdomo ya mtu. Hata yako."

Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuwa ya kweli. Mikono kumi na tisa iliinuka kuiacha chokaa, wa Mukhisa ukitangulia. Hapo Lenah alikata tamaa, wala tusimlaumu. Ujinga aliuzoea, maana ujinga hujaribiwa ukashindwa. Lakini nani atajaribu tena kitu ambacho watu wamekijaribu, wakakipima, wakakipigia kura?

Yeye ndiye aliyekuwa katibu. Akafungua daftari la kikundi akaandika: Chokaa imejaribiwa, haifai. Akatia sahihi. Machi ilipofika, majirani walikuja mmoja mmoja kumuuliza wapande nini, akawajibu wapande wanavyoona.