Ekari Nne za Baba Yake Naserian

Msimamizi wa ukurasa huu, naomba jina langu na la shule yangu yafichwe. Mimi ni mwalimu wa kike, mjane, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Nilitoka Ukambani katika miaka ya tisini nikapanga nyumba Kitengela, na hadi leo nafundisha Hisabati darasa la saba katika shule moja ya upande wa Kajiado. Tangu juzi silali.

Masomo ya bure yalipoanza, darasa langu lilijaa watoto themanini. Kufundisha kwa chaki na kiboko kulinishinda. Nikawagawa katika makundi ya watoto watano, kila kundi likapewa swali lake, na kanuni ikawa moja: kundi halijamaliza mpaka kila mmoja aweze kulieleza jibu peke yake. Nikimwita aliye mnyonge kuliko wote naye akakwama, kundi zima linaanza upya. Watoto waliokuwa wakiuogopa ubao wakaanza kubishana kama wazee wa baraza.

Mwezi uliopita niliyapa makundi kamba ya mita kumi, yakatafute eneo la shamba lolote lisilo na umbo la kawaida. Kundi la msichana nitakayemwita Naserian lilichagua kipande kilicho nyuma ya boma lao, ambacho baba yake anakiuza na tayari kimewekewa vigingi. Nilikwenda nao. Walikigawa katika pembetatu. Mvulana mmoja akawa anapima ubavu ulioinama na kuuita urefu wa pembetatu kwenda juu.

"Wewe!" Naserian akamkemea. "Urefu wa mtu unapimwa akiwa ameinama?"

Walicheka wote, hata mvulana mwenyewe, wakapima upya.

Siku iliyofuata nilimwita Lemayian, mtoto mkimya kuliko wote katika kundi hilo, naye akaeleza ubaoni hatua kwa hatua: ekari kumi na moja. Tukawapigia makofi. Ndipo Naserian akasema, "Lakini Mwalimu, baba anauza saba."

Makofi yalikatika.

Baba yake alikuja shuleni mwenyewe, fimbo mkononi. "Mwalimu, mimi sikusoma. Hii kamba yenu inasema ukweli?" Nikamwomba anipe muda nihakikishe. Akajibu, "Sawa. Ijumaa ya wiki ijayo wazee watakaa kabla sijaweka kidole kwenye mkataba. Nitakuita useme mbele yao." Jumamosi nilirudi shambani na mwalimu mwenzangu. Tulipima kila upande. Ni kumi na moja.

Juzi, saa ya chakula cha mchana, nilimkuta dalali wa shamba lile, aliyempimia mzee zile ekari saba, ameketi darasani mwangu, kwenye dawati la watoto. Hakunipandishia sauti. Laiti angenipandishia.

"Mama, hiyo hesabu iko na makosa," alisema akitabasamu. "Watoto hukosea. Wewe Ijumaa sema tu walikosea. Wewe ni mtu wa kuja hapa, kama mimi tu. Mambo ya shamba ya watu ya nini?"

Nilichukua kifutio nikaanza kufuta ubao.

"Ni watoto watano, sivyo? Wawili wanapitia pale korongoni jioni. Huyo msichana na yule mdogo mkimya." Akasimama, akajipangusa vumbi la chaki kwenye suruali. "Wasalimie."

Nilipomweleza mwalimu mkuu, alishika kichwa. "Mwalimu, si ungewafundisha ubaoni tu kama sisi wengine?" Na polisi niende niseme nini? Kwamba mtu alitabasamu akaniagiza niwasalimie wanafunzi?

Jana niliwaita wale watano. Nilikuwa nimeamua kuwaokoa. Nikaanza, "Watoto, kamba inaweza kulegea..."

Lemayian, ambaye hasemi mpaka aitwe, akasema, "Mwalimu, ilegee ekari nne?"

Wenzake hawakucheka. Naserian akaniangalia kwa heshima, kama anavyoniangalia siku zote. "Kama tumekosea, Mwalimu, tuonyeshe ni wapi, tuanze upya."

Sikuwa na mahali pa kuwaonyesha. Niliwaambia waende nyumbani mapema. Nilisimama langoni nikawatazama wale wawili wakiteremka kuelekea korongoni, mpaka sare zao zikapotea machoni pangu. Asubuhi hii nilifika shuleni kabla ya kengele, nikakaa nikilitazama lango hadi walipoingia. Jioni nitawasindikiza mwenyewe, lakini mimi ni mmoja, na njia ile haina nyumba.

Ijumaa ni keshokutwa. Nikisema saba, watoto watafika nyumbani salama, na mzee aliyeniamini atatoa ekari nne bure bila kujua. Naye binti yake atakuwa amesimama pale akinisikiliza. Nikisema kumi na moja, sijui ni nini kitakachowangoja kule korongoni.

Ninyi mlio wazazi, na ninyi mliowahi kufundisha, nishaurini: nifanye nini? Ila nawaomba, msinitupie jibu tupu. Nielezeni mmelipataje.