Msafiri Haulizwi Jina Kabla ya Kunawa

Bi Mwaisha wa Ngokolo hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alizika waume wawili, alikaanga vitumbua stesheni ya Shinyanga miaka ishirini, na siku nyoka alipoingia jikoni kwake alimuua kwa mwiko, akauosha mwiko, akaendelea kupika. Lakini mwaka ule wa themanini na tatu, mwezi wa Rajabu, hofu ilimwingia mpaka kwenye uboho. Alikuwa akisikia lori likipunguza mwendo tu, anakimbilia chooni.

Na chanzo chake kilikuwa sadaka, hebu fikiria! Mama yake, Bi Chausiku, aliyekuja na reli kutoka Ujiji, ndiye aliyeianza. Watu wa ziara, wale wanaotoka Kahama na vijiji vya upande wa Geita kwenda Tabora kuzuru kaburi la sheikh wao, walishukia uani kwake kungoja treni, wakala bure. Sharti lilikuwa moja tu: aliyeketi mkekani haulizwi jina, wala dini, wala atokako, mpaka ale, ashibe, anawe. Akishanawa, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kumwuliza. Kumwuliza mtu mwenye njaa ni kumhesabia matonge, alisema marehemu, na Bi Mwaisha alilishika neno hilo kuliko alivyowashika waume zake.

Sasa chakula cha watu themanini hakiokotwi njiani. Mwaka mzima wanawake wa mtaa walimletea kidogokidogo, huyu kibaba cha mchele, yule nusu ya sukari aliyoipangia foleni duka la ushirika. Ikifika Rajabu, chumba cha uani kinakuwa na magunia mawili ya mchele, madebe mawili ya mafuta, na gunia la sukari. Ilikuwa hivyo miaka yote na hakuna aliyeona ajabu. Ndipo redio ikaanza kutangaza walanguzi na wahujumu uchumi, mgambo wakaanza kupekua majumba, na watu wakawa wanabebwa kwenye malori kama kuku wa mnadani.

Watu hawajaionja sukari miezi mitatu, na mjane wa vitumbua ana gunia zima! Aende kumwambia nani kwamba ni ya Mungu?

"Itupe chooni, dada," alisema Tabu, jirani yake, asubuhi ya Jumatano. "Wenzio wote wametupa. Utafia jela kwa ajili ya watu usiowajua."

"Wanakuja Ijumaa, Tabu. Niwape nini, mawe?"

"Wape pole!"

Tabu hakuwa mbaya, alikuwa na watoto sita tu na woga wa watoto sita. Bi Mwaisha alimfukuza kwa mdomo, kisha akaingia ndani, akakaa juu ya gunia la sukari, akalia.

Adhuhuri ilipopita, mtu mmoja aliingia uani bila kubisha hodi vizuri. Mwanamume wa makamo, suti ya kaunda, viatu vimejaa tope. "Nimesikia hapa wasafiri hula," alisema, akaketi mkekani.

Bi Mwaisha alimpima kwa macho. Mwenye ziara havai kaunda, wala haji siku mbili kabla ya wenzake. Huyu ni kachero. Amekuja kuona chakula kinatoka wapi. Tabu, aliyekuwa akichungulia juu ya ua wa mabua, alimkonyeza na kutikisa kichwa: mwambie hakuna. Na neno hakuna lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini mtu ameketi mkekani. Bi Mwaisha aliingia chumbani, akachota mchele kwa haraka mpaka nusu ukamwagika njiani, akapika. Chai nayo akaitia sukari. Kama ni kufa, alijiambia, nife bila kumwonea mama haya huko aliko.

Yule mtu alikula akiinamia sahani, kijasho kikimtoka. Alikuwa hajafika nusu pale mgambo watatu walipoingia. Mkubwa wao, Maganga, Msukuma wa mtaa wa Kambarage, Bi Mwaisha alimjua tangu akinunua vitumbua kwa mkopo.

"Shikamoo, mayu," alimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba."

"Tunamtafuta mwenye duka mmoja, amekimbia kutoka Geita. Huyu nani?"

"Sijui."

"Umempikia wali, humjui?"

"Hajanawa bado," alisema Bi Mwaisha. Alikuwa anasema kweli, akaona jinsi kweli inavyoweza kufanana na uongo.

Maganga aliijua desturi ya nyumba ile, mtaa mzima waliijua. Alimtazama yule mtu, ambaye sasa alikuwa akitafuna tonge moja kama linamkaba. Halafu akaitazama sahani. Halafu kikombe cha chai, na sukari iliyobaki kwenye kijiko.

"Basi tutamngoja anawe," alisema. "Mayu, wali huu umetoka wapi?"

Bi Mwaisha alishika nguzo ya jiko. Punje za mchele alizozimwaga zilikuwa pale pale chini, njia nzima mpaka mlango wa chumba. Maganga aliziona. Alizifuata taratibu, akaweka mkono kwenye pazia la mlango.

"Maji!" yule mtu aliita. "Mama, naomba maji ya kunawa."

Sahani yake ilikuwa bado ina wali. Wote waligeuka. Maganga aliachia pazia.

Bi Mwaisha alileta birika na beseni, akammiminia. Vidole vya yule mtu vilikuwa vya baridi. Maganga alisogea na kufungua mdomo aulize, lakini yule mtu hakumtazama.

"Anaanza mwenye nyumba," alisema, akamwinulia Bi Mwaisha macho. "Niulize, mama."

"U nani, baba?" Bi Mwaisha alinong'ona. "Watoka wapi?"

"Pantaleo, mama. Wa Geita. Duka ni langu." Kisha akawapa mgambo mikono ikiwa bado inadondoka maji.

Walimtoa mbio, kila mmoja akitaka kumshika yeye, wakisukumana mlangoni kwa furaha ya kumpata. Chumba hakuna aliyekikumbuka tena. Lori lilinguruma, likaondoka. Tabu aliruka ua, akamkumbatia, akacheka na kulia pamoja.

Ijumaa watu wa ziara walikuja, themanini na wawili, wakala wakashiba. Bi Mwaisha aliwapakulia wote, yeye hakuonja. Kuna jambo hakumwambia Tabu, wala imamu, wala mtu yeyote mpaka alipozeeka: kwamba pale lori lilipoondoka, kabla hajamwonea huruma yule mtu, kabla ya chozi la kwanza, alikuwa amesema Alhamdulillahi.